Mkoba wa Babu na Daftari la Mjukuu

Siku moja darasani, huku Msambweni, niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kila mmoja angependa kusomea kazi gani. Wakataja udaktari, uhandisi, uanasheria na kazi za hoteli za Diani. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akasimama, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi nataka kusomea uganga wa mitishamba, kama babu yangu." Darasa zima likaangua kicheko. Nakiri kwamba nami nilitabasamu. Tabasamu hilo limenisumbua tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niishike kalamu leo.

Tulicheka nini? Lau kijana huyo angalizaliwa India, akasema anataka kuwa tabibu wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Wahindi, nani angalimcheka? Huko, anayeitaka kazi hiyo hufanya mtihani ule ule wa taifa unaofanywa na wanaotaka kuingia vyuo vya udaktari. Kisha husoma miaka minne na nusu, na kuongeza mwaka mmoja wa mazoezi ya kutibu. Husoma maandishi ya kale ya Kisanskriti, na papo hapo husoma viungo vya mwili, maradhi na sumu. Akihitimu hupewa shahada na jina lake husajiliwa. Mwaka 2014 nchi hiyo iliunda hata wizara ya tiba za jadi.

Sisemi kwamba ya India yote ni safi. Wachunguzi wamewahi kukuta madini ya risasi na zebaki katika baadhi ya dawa za Ayurveda. Lakini penye shule, usajili na maandishi, kosa huonekana na mkosaji huulizwa. Pasipo na hayo, mjuzi na laghai hukaa kibarazani pamoja, na mgonjwa hana njia ya kuwatambua.

Kwetu Kwale mafunzo yapo, ila hayana jengo wala cheti. Mwanagenzi humfuata mzee msituni, humbebea kikapu, hujifunza kuutambua mti kwa jani, kwa gome na kwa harufu. Mwishowe hutoa kilemba, naye mzee humkabidhi mkoba. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu na Diani, ambao mwaka 2008 uliingizwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia, umesalia kwa sababu wazee walikataza miti yake isikatwe. Ukipenda, uite maktaba. Lakini maktaba hii wasomaji wake ni wachache, na umri umewapita.

Juma lile nilimwomba kijana anipeleke kwa babu yake. Mzee alitupokea vyema, akatukalisha mkekani chini ya mwembe. Mjukuu alipotoa daftari aandike, babu akamshika mkono. "Mjukuu wangu, dawa ikiandikwa huibwa," akasema. "Wewe itie kichwani."

Sikumlaumu. Hofu ya mzee ina msingi. Mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na ambao twaujua sote, ulipata kugombaniwa mbali sana. Mwaka 1994 kampuni ya Marekani, W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, walipewa Ulaya hataza ya dawa ya kuua kuvu wa mimea iliyotokana na mafuta ya mti huo. Wahindi na wenzao wakapinga. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikaanguka mwaka 2005, kwa kuwa ulitolewa ushahidi kwamba matumizi hayo yalikwisha kujulikana India. Nikamwuliza mzee: "Babu, nasi tukiibiwa, tutatoa ushahidi gani, ikiwa ushahidi wote umo kichwani mwako nawe umeondoka?" Akanyamaza.

Nikamweleza pia habari za Tu Youyou, bibi wa Kichina aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria itokanayo na mmea. Alipokwama katika utafiti wake, kilichomwelekeza ni kitabu cha tabibu aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 kabla yake, kilichoagiza mmea ule uloweshwe majini na kukamuliwa. Tabibu yule angaliitia kichwani tu, leo ingalikuwa wapi?

Wala si maandishi tu yanayohitajika. Ni kipimo pia. Mbarika hutoa mafuta yanayolainisha tumbo, ilhali mbegu zake zina sumu ya kuua. Mzee ajua hayo kwa mazoea. Mwanagenzi ayajue kwa kemia vilevile, ajue na wakati wa kusema: ugonjwa huu si wangu, mpelekeni hospitali.

Sheria zimeanza kufungua mlango. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaitaka serikali itunge sera za tiba za jadi na kuunda chombo cha kuisimamia kazi hiyo. Ile ya mwaka 2016 yalinda maarifa ya jadi ya jamii. Lakini sheria haimfundishi mtu jani. Kazi hiyo ni ya mzee na mwalimu wakiketi pamoja.

Kwa hiyo, wanafunzi wapenzi, uganga si kimbilio la aliyeshindwa na mitihani. Anayeutaka asome biolojia na kemia kwa bidii kuliko wenziwe, kwani atabeba elimu mbili. Nanyi walimu wenzangu, mtoto akisema hivyo darasani, msitabasamu kama nilivyotabasamu mimi. Mwulizeni babu yake yu hai, na kama yu hai, likizo iko lini.

Jioni ile, kabla hatujaaga, mzee alimwambia mjukuu wake alifungue daftari. Akamruhusu kuandika miti mitatu tu. Mingine, alisema, itategemea mwandiko na tabia.