Umejichoma sindano kazini? Usikae kimya

Mfagiaji wa kituo cha afya huko shamba anafunga mfuko wa taka usiku, mara anahisi kitu kimemchoma kidoleni. Ni sindano iliyotumika, imetupwa pamoja na pamba. Anafuta damu, anaendelea na kazi, hamwambii mtu. Anaogopa watu watasema ameshaambukizwa.

Wasikilizaji wetu, mtu huyu ana dawa ya kumsaidia, ila dawa hiyo ina muda wake.

Kwanza, aoshe kidonda pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikikamue, asikinyonye, wala asitie Jik. Damu ikiruka machoni, asuuze kwa maji safi mengi. Kisha amwambie mkuu wa zamu, hata kama ni saa nane za usiku.

Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali kama hii huitwa PEP. Huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache ikiwezekana, na mwisho ni saa 72. Zikishapita siku hizo 3, hazitegemewi tena. Humezwa kila siku kwa siku 28. Wengine huacha njiani kwa sababu ya kichefuchefu. Ukikipata, rudi kwa daktari akusaidie, usiache. Mgonjwa aliyetumiwa sindano huombwa ridhaa apimwe, lakini dozi ya kwanza haingojei majibu yake.

Kama uko Makunduchi au Nungwi na kituo chako hakina dawa, mkuu wa zamu apige simu kuulizia kliniki ya karibu inayohudumia wenye VVU, ile tunayoiita CTC. Mjini, ulizia hospitali ya Mnazi Mmoja.

Hofu nayo tuipime. Kati ya watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, bila dawa huambukizwa kama 3. Homa ya ini aina ya B ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, na haizungumzwi sana: kwa asiyechanjwa, wanaweza kufika hata 30 kati ya 100.

Na hiyo ina chanjo. Watoto wetu huipata ndani ya penta, lakini watu wazima wengi hawakuwahi kuipata. Ni sindano 3: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ukifika mwezi wa 6. Hata aliyekwisha kuchomwa, kama hakuchanjwa, aanze mara moja. Kwa maoni yetu, chanjo hii isiwe ya daktari na muuguzi peke yao. Mfagiaji, dobi na anayechoma taka ndio wanaokutana na sindano wasiyoiona. Homa ya ini C haina chanjo, ila siku hizi ina vidonge vinavyoiponya.

Mpaka vipimo vya mwisho vitoke, tumia kondomu na usichangie damu. Ni mazungumzo magumu na mwenzako nyumbani; muombe mshauri wa kliniki awasaidie.

Na wewe unayejidunga insulini nyumbani, sindano zako usizitupe jaani. Zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikikaribia kujaa uipeleke kituoni. Watoto hucheza jaani.