Je, Wajua? Hekalu la Meenakshi na Maduka Yake

Je, wajua kuwa mji mkongwe wa Madurai, kusini mwa India, umejengwa kulizunguka hekalu? Mitaa inalizingira Hekalu la Meenakshi mraba ndani ya mraba, na mingi imepewa majina ya miezi ya Kitamili.

• Hekalu lina minara 14 iliyojaa sanamu za rangi za miungu, wanyama na mashujaa. Mnara wa kusini ndio mrefu kuliko yote, takriban mita 52.

• Ukumbi uitwao wa Nguzo Elfu una nguzo 985, zote za mawe yaliyochongwa.

• Kila usiku, sanamu ya Sundareswarar, yaani mungu Shiva, hubebwa kwa machela hadi chumba cha mkewe Meenakshi, huku ngoma zikilia.

• Maua ya asumini ya Madurai yanalindwa kisheria kama zao la eneo hilo. Wauzaji huyatunga kwenye uzi na kuyapima kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole.

• Kwa miaka mingi mafundi cherehani walishonea ndani ya Puthu Mandapam, ukumbi wa hekalu wa karne ya 17, vyerehani vyao vikiwa katikati ya nguzo za sanamu.

Ukienda, vaa nguo za heshima, vua viatu na uache simu nje. Adhuhuri hekalu hufungwa hadi alasiri. Tumia muda huo kuzungukia maduka na kunywa jigarthanda, kinywaji baridi cha maziwa kinachowapa wenyeji fahari kubwa.