Kabla ya kuhamia mfumo mpya, kagua programu ulizojiundia

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kampuni kubwa za leo, daftari hilo si la karatasi tena. Ni mfumo wa tarakilishi unaounganisha uhasibu, mishahara, ununuzi, mauzo na bohari, ambao wataalamu huuita ERP. Mfumo huo ukikwama, lori halitoki langoni, ankara haiandikwi na mshahara haulipwi.

Kwa maelfu ya kampuni duniani, wakati wa kubadilisha daftari hilo umewadia. SAP, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka wa 1972 na watu watano waliokuwa wafanyakazi wa IBM, imetangaza kuwa huduma za kawaida kwa mfumo wake wa zamani, ECC, zitakoma mwishoni mwa 2027. Wateja watakaokubali kulipa zaidi wataendelea kuhudumiwa hadi mwisho wa 2030. Mrithi wa mfumo huo ni S/4HANA, uliozinduliwa Februari 2015.

Wengi hudhani kwamba ugumu wa kuhama uko katika kununua leseni na mitambo mipya. La hasha. Mara nyingi mtihani mkubwa huwa ni zile programu ambazo kampuni ilijiundia yenyewe, miaka nenda miaka rudi, na kuzipachika ndani ya mfumo iliounua.

Programu hizi huzaliwaje? Anayenunua mfumo wa aina hii hupata utaratibu wa kawaida uliobuniwa kuzifaa biashara nyingi. Hata hivyo, kila nchi ina sheria zake na kila kampuni ina desturi zake. Ili kuziba pengo, waundaji programu wa kampuni huandika msimbo wao, yaani maagizo kwa lugha inayoeleweka na tarakilishi. Katika SAP, lugha hiyo ni ABAP, na majina ya programu za mteja huanza kwa herufi Z au Y ili zisichanganywe na zile za SAP yenyewe.

Hapa Kenya, sababu za kuandika msimbo kama huo hazikosekani. Kwa miaka kadhaa waajiri walikata ada ya bima ya matibabu ya NHIF kwa viwango vya kuanzia Sh150 hadi Sh1,700. Oktoba 2024 bima hiyo ikaondolewa na badala yake ikaja SHIF, inayokata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Mnamo 2023 ilikuwa imekuja ada ya nyumba ya asilimia 1.5. Mwaka uo huo, Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, ilianzisha eTIMS, mfumo wa kuwasilisha ankara kwa njia ya kielektroniki. Kila badiliko la namna hiyo laweza kuzaa programu nyingine.

Tatizo ni kwamba programu mpya huandikwa ilhali ya zamani haifutwi. Aliyeiandika huacha kazi au hustaafu, maelezo yake hayapatikani, na waliobaki huogopa kuigusa wasije wakaharibu jambo wasilolijua. Ndiyo maana haitakuwa ajabu kupata programu ya kukokotoa ada ya NHIF ikiwa bado imelala ndani ya mfumo wa mishahara, ingawa ada yenyewe haitozwi tena.

Lakini kwa nini programu iliyofanya kazi vyema kwa miaka 15 ikatae kufanya kazi katika mfumo mpya? Jibu la kwanza liko katika mpangilio wa data. Katika ECC, rekodi za bidhaa zinazoingia na kutoka ghalani ziliwekwa katika majedwali mawili makuu, MKPF na MSEG. Katika S/4HANA rekodi hizo zimo katika jedwali moja liitwalo MATDOC. Programu inayosoma majedwali ya zamani bado yaweza kupata jibu kupitia daraja lililojengwa na SAP. Ile inayojaribu kuandika humo moja kwa moja itashindwa.

Vivyo hivyo, orodha mbili za wateja na wauzaji zimeunganishwa, na kila mmoja wao sasa huandikishwa kuwa mshirika wa kibiashara. Nambari ya bidhaa, ambayo kikomo chake kilikuwa herufi 18, sasa yaweza kufika 40. Programu iliyotenga nafasi ya herufi 18 itakata nambari ndefu, na bidhaa mbili tofauti zaweza kuonekana kama moja.

Jibu la pili ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Baadhi ya hifadhidata za zamani zilizoea kurudisha rekodi zikiwa zimepangwa, hata pale programu haikuomba zipangwe. HANA, hifadhidata ya mfumo mpya, haitoi ahadi hiyo. Programu iliyozoea kuchukua rekodi ya kwanza, kwa imani kuwa ndiyo ya karibuni zaidi, yaweza kuchukua bei ya mwaka juzi. Haikwami wala haitoi onyo. Inatoa jibu lisilo sahihi, na mhasibu analipokea.

Gharama ya kung'ang'ania desturi za zamani imeonekana kwingine. Lidl, kampuni ya Ujerumani yenye maduka mengi ya rejareja, ilianza mnamo 2011 mradi wa kuhamia mfumo wa SAP. Ilikuwa imezoea kukadiria thamani ya bidhaa zake kwa bei ya kununulia, ilhali utaratibu wa kawaida wa mfumo huo kwa maduka hutumia bei ya kuuzia. Lidl haikubadili desturi yake. Mfumo ndio uliofanyiwa marekebisho. Mwaka wa 2018 mradi ulisimamishwa, na vyombo vya habari vikaripoti kuwa ulikuwa umemeza takriban Euro milioni 500.

Tatizo hili si la SAP pekee. Nchini Uingereza, Baraza la Jiji la Birmingham liliacha mfumo wake wa SAP na kuanza kutumia ule wa Oracle mnamo Aprili 2022. Badala ya kuupokea ulivyo, baraza liliubadilisha, ikiwemo sehemu ya kulinganisha hesabu zake na zile za benki. Sehemu hiyo haikufanya kazi ipasavyo, na maafisa wakalazimika kulinganisha hesabu kwa mkono. Gharama iliyokadiriwa kuwa karibu Pauni milioni 20 ikapanda hadi zaidi ya milioni 100. Baraza hilo, ambalo pia lilikabiliwa na madai makubwa ya malipo sawa kwa wafanyakazi wanawake, lilitangaza mnamo Septemba 2023 kwamba haliwezi kukidhi matumizi yake. Hatimaye liliamua kuuweka upya mfumo huo ukiwa karibu na ulivyoundwa.

Basi kampuni inayojiandaa kuhama yafaa ifanye nini? Kwanza, ihesabu programu zake zote na kurekodi zipi zinatumika. Mfumo wa SAP una chombo cha kunasa matumizi hayo. Ni vyema kurekodi kwa mwaka mzima, kwa kuwa kuna kazi zinazofanywa mara moja tu kwa mwaka, kama vile kutayarisha fomu za P9 za wafanyakazi. Anayerekodi kwa miezi mitatu pekee atafuta programu hiyo akidhani imekufa.

Pili, programu isiyotumika iachwe nyuma. Nakala yake ihifadhiwe kwa ajili ya wakaguzi, lakini isihamishwe. Kila msimbo unaobebwa bure utahitaji kurekebishwa, kujaribiwa na kutunzwa kwa pesa halali.

Tatu, kwa kila programu iliyobaki, iulizwe kama mfumo mpya tayari unaifanya kazi hiyo. Programu nyingi ziliandikwa miaka ya nyuma kwa sababu mfumo wa wakati huo ulipungukiwa. Pale ambapo pengo limezibwa, ni heri wafanyakazi wajifunze utaratibu wa kawaida.

Nne, zile zinazohitajika kweli zikaguliwe. SAP ina chombo kiitwacho ABAP Test Cockpit kinachosoma msimbo na kuonyesha mistari isiyoafikiana na S/4HANA. Baadhi ya makosa hayo chombo chenyewe huweza kuyarekebisha. Hata hivyo, hakiwezi kujua iwapo hesabu ya programu ni ya haki kisheria. Kazi hiyo ni ya watu wanaoitumia, ambao sharti wapewe muda wa kuijaribu kwa data halisi.

Tano, programu mpya zisipachikwe tena ndani ya moyo wa mfumo. Siku hizi SAP huwahimiza wateja kuuacha moyo huo ukiwa safi na kuweka programu zao kando, zikiwasiliana nao kupitia milango rasmi. Kwa njia hiyo, sheria ya ushuru ikibadilika, hurekebishwa programu moja ya kando bila kuvuruga nyumba nzima.

Uamuzi huu usiachiwe waundaji programu peke yao. Wao wanajua jinsi msimbo ulivyoandikwa, lakini mkuu wa fedha na meneja wa wafanyakazi ndio wanaojua kwa nini uliandikwa, na kama sababu hiyo ingalipo. Kila programu inayovushwa yapaswa kuwa na mwenyewe anayejulikana kwa cheo, atakayeitetea na kuidhinisha matokeo yake.

Muda uliobaki si mrefu, hasa ikikumbukwa kwamba kurekodi matumizi pekee huchukua mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni itakayosubiri hadi 2027 ndipo ihesabu programu zake, itahama na mzigo wote kwa pupa, nao watakaotambua makosa kwanza watakuwa wafanyakazi wanaosoma karatasi zao za mishahara mwisho wa mwezi.