Leseni ya Mombasa, mjengo wa Maua
Mfanyabiashara mmoja wa miraa ameniita Maua nimjengee maduka, akidhani karatasi zangu za Mombasa zatosha. Leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kweli inafanya kazi Kenya nzima. Niko NCA 8, daraja la chini kabisa: majengo yasiyozidi Sh10 milioni, na kila mwaka nailipia upya.

Lakini ramani lazima ziidhinishwe na Kaunti ya Meru, kwa ada zake yenyewe, kisha mradi usajiliwe na Mamlaka. Yeye ataka tuchimbe msingi sasa, kabla ya mvua za Oktoba. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yasema kuanza bila idhini ni faini hadi Sh500,000, au kifungo hadi miezi miwili, au vyote. Nimemwambia tungoje mhuri. Amenuna.