Kuuza kwa Kalamu ni Ufundi, Si Kupamba Maneno

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Maneno haya yana kweli kubwa ndani yake, lakini vijana wetu wengi huyashika kwa upande mmoja tu. Hufungua kijiduka, wakapanga bidhaa njema, kisha wakakaa barazani kungojea wanunuzi, na wanunuzi wasije. Yatupasa tufahamu ya kwamba kizuri hujiuza kwa yule aliyekiona na kukijua. Ama yule asiyejua kuwa kipo, kwake yeye ni sawa na kisichokuwapo.

Zamani mtaa ulikuwa mdogo, na kila mtu akimjua fundi wake na muuza duka wake. Leo mnunuzi aghalabu hukutana na maneno yetu kabla ya kukutana nasi: karatasi iliyobandikwa ukutani, ubao wa mlangoni, au ujumbe uliopelekwa kwa simu ya mkononi. Maneno hayo yakiwa mabovu, biashara hufa ingawa bidhaa ni njema. Na biashara ndogo haifi peke yake. Mtaji wake ni akiba ya upatu, au bangili za mama zilizouzwa, au mkopo wa jamaa unaongoja kulipwa. Mwenye mali hiyo akishaona tangazo lake la kwanza halikuleta mtu, huwa na njia mbili mbele yake: kukata tamaa, au kuanza kusema uongo. Sisi twasema iko njia ya tatu, nayo ni kujifunza.

Asili ya ufundi huu

Kuandika matangazo ya biashara ni kazi yenye walimu na historia yake. Mwaka 1904, katika mji wa Chicago huko Marekani, mtu mmoja aitwaye John E. Kennedy alipeleka kikaratasi kwa wakubwa wa kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas, akisema kuwa yuko tayari kuwaeleza tangazo ni nini hasa. Albert Lasker, aliyekuwa bado kijana katika kampuni hiyo, alimwita. Maelezo ya Kennedy yalikuwa mafupi: kwamba tangazo ni kazi ya muuzaji, ila imepigwa chapa. Yaani lile ambalo muuzaji hodari angemwambia mnunuzi uso kwa uso, ndilo linalopasa kuandikwa. Wala si mapambo ya kumfurahisha mwandishi mwenyewe.

Baadaye Claude Hopkins, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, alitoa kitabu mwaka 1923 akifundisha kwamba tangazo lipimwe kama ipimwavyo bidhaa. Njia yake ilikuwa nyepesi. Kila tangazo liliwekewa kipande cha karatasi chenye alama yake, ambacho msomaji hukikata na kukirudisha. Vikirudi, huhesabiwa, ikajulikana tangazo lipi limeleta watu na lipi limekula fedha bure.

Naye David Ogilvy, kabla ya kufungua ofisi yake ya matangazo mjini New York mwaka 1948, alikuwa mchuuzi wa nyumba kwa nyumba. Katika miaka ya 1930 alikuwa akiuza majiko ya Aga huko Scotland, akibisha mlango hata mlango. Huko ndiko alikojifunza watu huuliza nini na huogopa nini. Mwaka 1958 alipotakiwa kuandika tangazo la gari la Rolls-Royce, alikaa wiki tatu akisoma habari za gari hilo. Neno aliloliweka juu ya tangazo hakulizua: alilipata katika taarifa ya mtu aliyelijaribu gari, kwamba likienda maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa yake ya umeme. Tazameni, wasomaji wetu: hakusema kuwa gari ni zuri mno. Alitaja jambo moja la kweli, na msomaji akakata hukumu mwenyewe.

Kwetu si jambo geni

Watu wa pwani hawana haja ya kuuona ufundi huu kuwa ni wa kizungu. Muuza kahawa apitaye mitaani akigonganisha vikombe vyake hupeleka habari nzima bila ya kufungua mdomo: kahawa ipo, i moto, na iko karibu. Kanga nazo zatufundisha zaidi. Mwanamke asimamapo dukani hutazama rangi na nakshi, lakini kabla ya kutoa fedha husoma jina la kanga. Maneno machache yaliyochapwa penye pindo humfanya aseme, “Hii ni yangu,” au airudishe kanga mahali pake. Wafanyabiashara wa Mombasa walilifahamu jambo hilo zamani. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, zenye alama ya “Mali ya Abdulla,” zimejulikana na vizazi vya wanawake wa pwani. Basi neno fupi linalomgusa mnunuzi katika maisha yake ni urithi wetu.

Mfano wa fundi wa kanzu

Na tuchukue mfano wa kijana fundi cherehani, mwezi wa Ramadhani unakaribia. Aghalabu ataandika hivi: “Kwa kanzu bora na za kisasa, bei nafuu, huduma nzuri, karibuni nyote.” Hakuna uongo hapo, lakini hakuna habari pia. Fundi wa upande wa pili aweza kuyaandika maneno hayo hayo, na wa tatu vilevile. Na neno ambalo kila mtu aweza kulisema halimtambulishi mtu yeyote.

Sasa na awaulize wateja wake kumi: “Wewe waogopa nini unapopeleka kitambaa kwa fundi?” Hapana shaka wengi watajibu kwamba waogopa kuambiwa “njoo kesho” mpaka usiku wa kuamkia Idi. Hiyo ndiyo hofu iliyo moyoni mwa mnunuzi, naye fundi alikuwa akimhubiria habari za usasa! Basi na aandike hivi: “Kanzu yako ya Idi itakuwa tayari siku 3 kabla ya sikukuu. Ikichelewa, hutalipa ushonaji. Leta kitambaa kabla ya tarehe 15 Ramadhani.” Kisha aongeze bei na mahali alipo.

Lakini kabla ya kubandika karatasi hiyo, yampasa afanye hesabu. Ikiwa kwa siku ashona kanzu 3, na siku za kazi alizonazo ni 20, uwezo wake ni kanzu 60. Basi na apokee 50, akafunge daftari, kwani cherehani huharibika na mtu huugua. Hapo ndipo ionekanapo kwamba tangazo jema haliishii katika kalamu. Humlazimisha mwenyewe kuitengeneza kazi yake ili ilingane na ahadi yake.

Namna ya kujifunza

Kijana atakaye ufundi huu hahitaji ada kubwa. Kwanza, na awe na daftari, aandike maneno ya wateja kama walivyoyasema wenyewe, wala asiyasafishe. Kwani mteja huyatambua maneno yake upesi kuliko yetu.

Pili, na anakili kwa mkono matangazo yaliyomvuta yeye mwenyewe, neno kwa neno. Sisi tuliosomesha chuoni tunajua kwamba mtoto aliyeandika ubaoni kwa mkono wake huona herufi ambazo msomaji wa macho tu huzipita. Vivyo hivyo anayenakili huona neno lipi lilitangulia, na kwa nini.

Tatu, kwa kila tangazo na aandike vichwa vya habari 20, achague kimoja. Vile 5 vya mwanzo huwa ni vile ambavyo kila mtu angeviandika. Chema huja nyuma.

Nne, na amsomee kwa sauti mtu asiyeijua biashara hiyo, shangazi au jirani. Anapokunja uso, pana neno gumu. Anapouliza swali, pana habari iliyosahauliwa. Na kila neno kama “bora,” “ya kipekee,” “ya kuaminika,” alifute, aweke mahali pake jambo linaloweza kuonekana au kuhesabiwa.

Tano, na apime. Wiki hii karatasi moja, wiki ijayo nyingine, na kila ajaye aulizwe ameleta mguu kwa maneno gani. Hiyo ndiyo karatasi ya Hopkins, bila ya gharama.

Mpaka wa ulimi

Silaha hii ina makali pande mbili. Kila siku twaona matangazo ya dawa ziponyazo maradhi yote kwa siku saba, na ya fedha zizaazo fedha bila ya kazi. Wanaoyaandika si wajinga wa ufundi. Ni mahodari waliouelekeza kubaya. Serikali zetu zina sheria juu ya hayo: Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Walaji ya mwaka 2012, na zote zakataza kumpotosha mnunuzi.

Lakini Mwislamu ana mpaka uliotangulia sheria hizo. Imepokewa katika Sahih ya Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, ukapata majimaji. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asikiweke juu kile kilichorowa ili watu wakione, na akaonya kuwa mdanganyifu si miongoni mwake. Hili ni fundisho la mwandishi wa matangazo hasa, kwani kazi yake yote ni kuchagua kipi kiwekwe juu na kipi kikae chini. Basi kitambaa chenye dosari na kitajwe dosari yake pamoja na bei yake. Wako watakaokitaka vivyo hivyo, nao watarudi kwa kuwa hawakudanganywa.

Enyi wazazi, mtoto wenu akiwaomba mtaji, mwulizeni pia atawaambiaje watu. Mpeni kalamu na daftari kabla ya fedha, akae wiki moja akiwasikiliza wanunuzi. Akirejea na hofu zao kumi, na ahadi moja anayoweza kuitimiza, hapo mtajua kuwa mtaji wenu unakwenda kwenye mikono ya mtu aliyejifunza.