Ujumbe Usiojibiwa Haujafika

Mtu yeyote apitaye Oli, hapa Arua, jua linapoelekea kuzama, hakosi kuona jambo moja. Barazani na mbele ya vibanda vya kuchajia simu, watu watatu au wanne wameizunguka simu moja. Mmoja ameishika, wengine wamesogeza masikio. Hawasomi, wanasikiliza. Sauti itokayo humo huwa ya Kinubi, au ya Kilugbara, au ya Kiswahili, au Kiarabu kile cha Juba. Ikiisha, mwenye simu huirudia tangu mwanzo kwa ajili ya yule aliyechelewa kufika. Kisha mazungumzo huanza: ni kweli au si kweli?

Swali hilo dogo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Katika wilaya zetu za West Nile, jumuiya zinazofanya kazi bila kutafuta faida ni nyingi. Ziko za akina mama, za vijana, za misikiti na makanisa, za wakimbizi, na ziko zile kubwa zitokazo nchi za nje. Karibu zote siku hizi zina ukurasa katika mtandao wa kijamii, na nyingi zina makundi ya WhatsApp. Lakini ukiufungua ukurasa wa jumuiya ya namna hii, mara nyingi utakuta picha za semina, mabango, na wageni waheshimiwa wakipeana mikono. Chini ya picha hizo mwananchi ameuliza: "Dawa zitaletwa lini?" Mwezi unapita, na swali lake lingali pale pale, halina jibu.

Hatuna budi kusema wazi kwamba huko si kushirikiana na wananchi. Huko ni kujionyesha kwa wafadhili.

HATARI ILIYOBISHA HODI

Ili msomaji asidhani kwamba tunazungumzia jambo la anasa, na tukumbuke mwaka 2019. Ugonjwa wa Ebola ulikuwa umeshika mashariki ya Kongo tangu Agosti 1, 2018, katika mikoa ya Kivu Kaskazini na Ituri. Mwezi Juni 2019 ulivuka mpaka na kuonekana Kasese, hapa nchini kwetu. Halafu, mwishoni mwa mwezi huo huo, mgonjwa mmoja aliyetoka Beni alithibitishwa kuwa na Ebola huko Ariwara. Wakazi wa Oli hawahitaji kuelezwa Ariwara iko wapi. Ni soko la jirani kabisa, ng'ambo ya mpaka, ambako wafanyabiashara wetu huenda na kurudi kama mtu aendaye kisimani.

Kwa bahati njema ugonjwa haukuingia Arua. Lakini ulipotangazwa kwisha Kongo, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekwisha kufa. Na katika safari ile yote, uvumi ulitembea bega kwa bega na ugonjwa. Walikuwapo waliosema kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa, na wengine kwamba wagonjwa huuawa hospitalini. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani aliuawa mjini Butembo. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi ulioachwa bila kujibiwa huweza kuleta maafa ambayo hayakuwapo.

Wenzetu wa Msalaba Mwekundu huko Kongo waliliona jambo hili wakatenda tofauti na wengi. Watu wao wa kujitolea hawakwenda vijijini kusema tu. Walikwenda na kuandika. Kila swali, kila lalamiko, kila uvumi uliandikwa, ukakusanywa, ukachambuliwa, ukapelekwa kwa wale wenye kutoa maamuzi. Miongoni mwa maneno yaliyorudi ni kwamba jamaa za marehemu hawakuamini kilichomo ndani ya mfuko wa maiti. Walishuku kuwa viungo vimeibwa, au kwamba aliyemo si mtu wao. Jibu halikuwa hotuba. Ilitafutwa mifuko ya kuonyesha, ili jamaa waone kwa macho yao uso wa mpendwa wao kabla ya kuzikwa.

Hapo ndipo lilipo fundisho lote. Mwananchi alisema, akasikilizwa, na kitu kikabadilika.

SHERIA YA REDIO

Katika chuo cha makadeti, somo la mawasiliano ya redio lilikuwa na sheria moja ambayo hatujaisahau hadi leo. Afisa akituma ujumbe, asihesabu kwamba umefika mpaka yule wa upande wa pili aurudie kama alivyousikia. Ujumbe usiojibiwa haujafika, hata kama mtumaji amepaza sauti hadi kukauka koo.

Jumuiya nyingi huhesabu kinyume. Huhesabu idadi ya waliouona ukurasa, na waliobonyeza alama ya kupendezwa. Hawahesabu maswali yaliyoulizwa, wala yale yaliyojibiwa. Hata sisi tunaoandika haya hatuna usafi wa kujisifia. Tumepata kutumikia ofisi iliyokawia siku mbili nzima kukanusha habari isiyo ya kweli, kwa kuwa karatasi ilikuwa ikizunguka kutafuta sahihi. Tulipoitoa kauli yetu, ilikuwa imeandikwa vizuri sana, lakini hakuna aliyeihitaji tena. Watu walikuwa wamekwisha kuamua.

Na huku Oli, akina mama wa kikundi kimoja cha akiba walitusimulia kisa chao. Jumuiya moja, ambayo hatutaitaja, ilitangaza katika kundi la WhatsApp siku ya kupima afya ya watoto. Tangazo liliandikwa kwa Kiingereza. Siku ikabadilishwa, na badiliko hilo nalo likaandikwa kwa Kiingereza, katikati ya picha kumi na salamu za sikukuu. Mama mmoja aliuliza kwa sauti yake, kwa Kinubi, "Ni kesho au si kesho?" Hakujibiwa. Asubuhi yake wanawake wale walikwenda na watoto mgongoni, wakakuta mlango umefungwa. Mmoja wao alituambia, bila hasira, "Tangu siku ile, wakiandika sisomi." Jumuiya ile ilipoteza kitu ambacho bajeti haiwezi kukinunua.

WALIOFAULU WALIFANYA NINI?

Si kwamba njia haijulikani. Mwaka 2011 shirika la UNICEF lilianzisha hapa Uganda mpango uitwao U-Report. Kijana hujiunga kwa hiari yake, hutumiwa swali kwa ujumbe mfupi wa simu bila malipo, naye hujibu. Matokeo hutangazwa, na wabunge waliletewa majibu ya vijana wa sehemu zao. Mwaka 2013, ugonjwa wa kunyauka migomba ulipokuwa ukiwaumiza wakulima, mtandao huo uliwauliza vijana kama wameuona ugonjwa kwao. Kisha ukawarudishia maelezo ya namna ya kuokoa mashamba. Angalia mpangilio: kwanza kuuliza, kisha kusikia, kisha kufundisha. Na simu iliyotumika ilikuwa ile ndogo ya vitufe, si ya bei ghali.

Mfano wa pili unatoka pwani ya Kenya. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta ya mto Tana yaliua watu zaidi ya 100. Moto ule ulichochewa na uvumi: wale wanajiandaa, wale wamenunua silaha. Ndipo shirika la Sentinel Project la Kanada lilipoanzisha huko mradi wenye jina la Kiswahili lisilohitaji maelezo: Una Hakika. Mwananchi aliposikia jambo la kutisha, aliutumia mradi ujumbe. Watumishi waliwauliza watu walioaminika pale pale kijijini, kisha walimrudishia mwananchi jibu: ni kweli, si kweli, au bado tunachunguza. Hata hilo jibu la tatu lina thamani kubwa. Mtu aliyeambiwa "bado tunachunguza" huweza kungoja. Asiyeambiwa lolote hushika panga.

Mfano wa tatu uko mlangoni petu. Vita vilivyoanza tena Juba mwezi Julai 2016 vilileta wakimbizi wengi West Nile. Bidi Bidi ilifunguliwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Pamoja na wakimbizi, chuki za Sudan Kusini nazo zilivuka mpaka ndani ya simu, nyingine zikiandikwa na watu walioishi salama katika nchi za mbali. Katika makazi ya Rhino Camp, jumuiya zilizoanzishwa na wakimbizi wenyewe, kama vile CTEN na YSAT, zilishirikiana na mpango wa kupinga chuki mitandaoni uitwao #defyhatenow. Vijana walifundishwa kufikiri kabla ya kubonyeza: nani amesema, picha hii ni ya lini, nikiisambaza nani ataumia? Faida ya jumuiya hizi ni kwamba mwenye kujibu anaijua lugha na anayajua machungu ya muulizaji, kwa kuwa ni yake pia.

MAMBO YA KUFANYWA

Kutokana na mifano hii, tunapendekeza machache kwa jumuiya za Oli, za Koboko, na za pengine popote.

Kwanza, awepo mtu mmoja mwenye kazi ya kujibu. Asiwe yeyote mwenye nafasi; awe na jina, awe na saa zake, na awe na daftari. Kila swali liandikwe, na kila wiki viongozi walisome daftari hilo kabla ya kuandika tangazo jipya. Swali likiulizwa leo, lipate jibu kabla ya kesho jua halijazama.

Pili, itumike sauti, na itumike lugha ya watu. Koboko watataka Kikakwa, na katika makazi ya Lobule, waliko wakimbizi wa Kongo, Kiswahili kitawafikia wengi. Ujumbe wa sauti wa dakika moja humfikia hata yule ambaye hakupata kukaa darasani. Tena hauli data nyingi kama video. Tusisahau kwamba mwananchi hulipia kila anachofungua. Kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa mwaka 2018 iliondolewa mwaka 2021, lakini mahali pake palikuja kodi ya asilimia 12 juu ya data.

Tatu, tuwakumbuke wasio na simu. Katika nyumba nyingi simu ni ya baba, na mama huisikia baba akirudi. Kwa hiyo jambo lililotangazwa kwenye simu litangazwe pia kwa mwenyekiti wa L.C. 1, msikitini, kanisani, na redioni. Radio Pacis imekuwa ikisikika Arua tangu mwaka 2004, na mzee asiyejua WhatsApp anaijua redio yake. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nne, tusitegemee nguzo moja. Mwezi Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa hapa Uganda. Jumuiya iliyoweka watu wake wote humo ilijikuta haina njia ya kuwafikia. Yafaa kuwa na orodha ya namba za simu za wanachama, iliyoandikwa kwa idhini yao na kuhifadhiwa vizuri.

Tano, heshima. Picha ya mtoto mwenye utapiamlo huweza kuleta fedha, lakini mtoto huyo atakua, naye ataikuta picha yake. Sheria ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mwenyewe. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, adabu yetu inatosha. Hapigwi mtu picha akiwa uchi wa shida yake.

NENO LA MWISHO

Itakuja siku nyingine kama zile za Ariwara. Huenda itakuwa ugonjwa, huenda mafuriko, huenda ugomvi wa kisima baina ya wenyeji na wageni. Siku hiyo, watu wa Oli watakusanyika barazani kama kawaida yao, wakaizunguka simu moja, na mmoja atauliza: ni kweli au si kweli? Imani ya kulisadiki jibu haitaweza kutengenezwa siku hiyo. Itakuwa imejengwa kwa miezi na miaka, kwa maswali madogo madogo yaliyojibiwa: dawa zitaletwa lini, kliniki ni kesho au si kesho.

Basi, ndugu viongozi wa jumuiya, kabla ya kutuma picha nyingine ya semina, rudini nyuma katika ukurasa wenu. Mtafuteni yule mama aliyeuliza akanyamaziwa. Mjibuni, na mwombeni radhi kwa kuchelewa. Kazi yenu na ianzie hapo.