Risiva ya sinema ya nyumbani: Usinunue boksi, soma mgongo

UKIINGIA Mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, au ukizama katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, utasikia muziki kabla hujaliona duka. Spika zimepangwa mlangoni, taa zinawaka rangi zote, na muuzaji ana neno moja la kukutega: wati. Hii wati elfu mbili, bosi. Hii wati elfu tano, mama, chukua mbili nikupunguzie.

Kwa anayenunua ili akasikilize nyumbani kwake, kosa ni la mtu mmoja na sebule moja. Kwa mfanyabiashara anayevuka nayo mpaka, kosa hilo hilo huzaa nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, mteja aliyekasirika na jina lililochafuka katika mji ambao si wake.

Nilijifunza hivyo kwa fedha zangu. Nilinunua risiva nne zilizotumika, nzito, safi, za majina makubwa ya Japani, nikazisafirisha kwa basi hadi Rusumo na kuzifikisha kwa wateja wa Kigali. Tatu zilifanya kazi. Ya nne mteja aliichomeka ukutani mbele yangu. Ulisikika mlio mmoja, kisha harufu ya kitu kilichoungua ikajaa chumba. Nilipoigeuza nikaona maandishi madogo nyuma: volti 100. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa Japani. Fedha nilimrudishia, lakini mteja hakurudi.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni moja: boksi ni tangazo, mgongo wa mashine ndio ushahidi. Fundi wa kiwandani akishaandika kitu nyuma ya mashine, ameandika anachojua. Makala haya yanakuonyesha jinsi ya kuusoma mgongo huo.

Kwanza, tujue tunachouza

Wengi wakisikia risiva hufikiria king'amuzi cha runinga. Risiva ya sinema ya nyumbani ni kitu kingine. Ni mashine inayokaa katikati ya runinga na spika. Inapokea picha na sauti kutoka king'amuzi, deki, simu au mashine ya michezo. Inapeleka picha kwenye runinga, na sauti inaigawa kwa spika tano, saba au zaidi pamoja na sabufa. Ukiona imeandikwa 5.1, maana yake ni spika tano na sabufa moja. Ikiwa 7.1, spika ni saba.

Usiichanganye na seti ya boksi moja, ile inayouzwa mashine na spika zake pamoja. Seti ni nafuu na mteja wa kawaida huipenda, lakini nyingi hutumia plagi za spika za aina yake na spika za omu 3 au 4. Spika moja ikifa, mteja wa Bujumbura au Goma hapati nyingine inayoingia. Risiva kamili ina vishikizo vya kawaida vya waya, hivyo mteja anaweza kubadilisha spika moja moja kwa miaka mingi. Zote mbili zina soko, ila mwambie mteja ni ipi unayomuuzia.

Volti: mstari unaookoa mtaji

Kenya na Uganda hutumia umeme wa volti 240, Tanzania na Rwanda 230, Burundi na Kongo 220. Mashine iliyoandikwa 220-240 itafanya kazi kote huko. Iliyoandikwa 100 ni ya Japani. Iliyoandikwa 120 ni ya Marekani. Hizo mbili ukizichomeka moja kwa moja umeziua.

Muuzaji atakuambia uweke transfoma ya kushusha umeme. Inawezekana, lakini fanya hesabu. Transfoma lazima ihimili wati zaidi ya zile ambazo mashine inakula, ni nzito kubeba, na ni gharama ambayo mteja hakuipanga. Isitoshe, Marekani umeme wao huenda mizunguko 60 kwa sekunde, wetu 50. Transfoma iliyo ndani ya risiva, kama ilisukwa kwa mizunguko 60, hupata joto zaidi ikilishwa 50, na katika chumba chenye vumbi joto hilo hufupisha maisha ya mashine.

Zipo risiva zenye swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti. Hizo ni nzuri kwa biashara ya mipakani, lakini kabla ya kuchomeka hakikisha swichi iko kwenye 220 au 240. Imeachwa kwenye 110? Utaunguza mashine nzima isiyo na kosa.

Mwenye kuuza magari ya Japani anajua tatizo jingine: redio. Kule masafa ya FM huanzia 76 na kuishia 90 au 95, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Risiva ya Japani itamkosesha mteja sehemu kubwa ya vituo vyake. Nyingi za Marekani nazo huruka kwa hatua ya 0.2, zikipokea namba witiri tu baada ya nukta. Kituo cha 92.4 zinakipita. Kama mteja wako ni mpenzi wa redio, hilo ni lalamiko linalokusubiri.

Wati: hesabu ambayo boksi haipendi

Sasa turudi kwenye wati elfu tano. Karibu na mstari wa volti, nyuma ya mashine, huandikwa wati ambazo mashine inakula kutoka ukutani. Ukikuta boksi linadai wati 5,000 na mgongo unasema wati 60, kazi imekwisha. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayoingia, na sehemu ya inayoingia hupotea kama joto.

Kipimo hiki si cha maabara. Baadhi ya kampuni huandika matumizi ya kawaida, si ya juu kabisa, hivyo usishangae ukikuta risiva nzuri inadai jumla ya wati 350 na mgongo unasema 300. Kinachotakiwa kukushtua ni tofauti ya mara kumi na zaidi.

Namba kubwa za kwenye boksi mara nyingi ni PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua ambacho hakuna sikio litakalokisikia. Tafuta RMS, nguvu ya mfululizo. Hata hapo soma masharti yake. Wati 80 zilizopimwa spika mbili zikilia kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, ni wati za kweli. Wati 150 zilizopimwa spika moja tu, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000 na mkwaruzo wa asilimia 10, ni maneno ya sokoni. Udanganyifu huu ni wa zamani: Marekani iliutungia kanuni mwaka 1974, ikiwataka wauzaji waeleze nguvu ya amplifaya kwa kipimo kimoja kinacholinganishika.

Na hizo wati nyingi zina faida gani? Kuzidisha wati mara mbili, tuseme kutoka 50 hadi 100, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo inayosikika kwa kutega sikio. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati kama mara kumi. Kinyume chake, spika yenye uwezo wa desibeli 89 badala ya 86 humpa mteja faida ile ile ya kuzidisha wati mara mbili, bila kubadilisha risiva. Mfanyabiashara anayeweza kumweleza mteja hilo huuza spika nzuri pamoja na risiva ya kawaida, na wote wawili hulala usingizi.

Angalia pia omu. Risiva nyingi za bei ya kati hupenda spika za omu 6 hadi 8. Ukizifunga spika za omu 4, au spika mbili kwenye tundu moja, mashine hupata joto, hujizima, na mwisho huungua.

Matundu ya HDMI na umri wa mashine

Risiva iliyotumika inaweza kuwa na sauti tamu sana na bado ikamshinda mteja kwa sababu ya picha. Mteja wa leo ana runinga ya 4K. Filamu nyingi za 4K hulindwa kwa kufuli liitwalo HDCP 2.2, lililotoka mwaka 2013. Risiva isiyolijua kufuli hilo hupitisha giza, au picha ya ubora wa chini. Kwa hiyo mashine ya mwaka 2010, hata ikiwa imetunzwa vipi, iuze kama mashine ya muziki, si ya sinema ya 4K.

Tafuta pia herufi ARC karibu na tundu la HDMI linalokwenda kwenye runinga. Zilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Maana yake waya mmoja hupeleka picha kwenye runinga na kurudisha sauti ya runinga kwenye risiva. eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, hubeba sauti nzito zaidi, lakini kwa mteja anayeangalia mpira na tamthilia, ARC inamtosha. Usimlipishe spika tisa na sauti ya darini wakati sehemu kubwa ya anachokitazama inatoka kwa sauti ya njia mbili.

Nani anainunua?

Kabla ya kununua, jiulize mashine inakwenda kwa nani. Sebule ya kawaida yenye kuta za saruji na sakafu ya vigae hutosheka na 5.1 ya wati 50 hadi 80 za kweli. Pazia zito na zulia vitamsaidia mteja kuondoa mwangwi kuliko wati mia za nyongeza.

Mwenye baa, kanisa au kibanda umiza cha mpira ni mteja mwingine kabisa. Atakuja akitaka risiva kwa sababu ameona ina matundu mengi. Mweleze ukweli: risiva ya nyumbani haikuumbwa kulia saa kumi mfululizo katika joto la watu mia. Muuzie amplifaya ya ukumbi na spika zake. Ukimuuzia ya nyumbani, atakurudishia majivu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo omba kujaribu. Nenda na simu yako, waya wa HDMI na spika mbili ndogo. Washa mashine kwa nusu saa, ishike juu: joto la wastani ni sawa, la kuunguza si sawa. Jaribu kila tundu la spika, si mawili ya mbele tu. Jaribu kila tundu la HDMI. Punguza sauti hadi sifuri usikilize kama kuna mvumo. Hakikisha rimoti ipo, na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba ipo. Hiyo hupotea sana kwenye mashine zilizotumika, na bila hiyo mteja hawezi kuipanga sauti kama kiwanda kilivyokusudia.

Mpakani

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Risiva iliyotengenezwa China, Malaysia au Vietnam haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu umeinunua Nairobi, wala ya Tanzania kwa sababu imetoka Kariakoo. Usiwategemee wanaokuambia "ni mbili tu, utapita". Uliza forodha kabla hujalipa duka, weka ushuru katika hesabu ya bei, kisha uone kama faida bado ipo.

Beba risiti yenye aina na namba ya kila mashine. Uliza kama waranti inatambulika upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa nyingi huishia katika nchi zilikotolewa. Na usisahau plagi: Kenya, Uganda na Tanzania hutumia miguu mitatu ya bapa, wakati Rwanda, Burundi na Kongo wengi hutumia miguu ya mviringo. Mashine yenye waya wa umeme unaochomoka hukurahisishia, maana unabadilisha waya tu, bila kukata wala kuunganisha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika katika daftari lako volti, wati za mgongoni, omu, aina ya HDMI na jina la mteja wa kila mashine uliyouza. Siku mteja wa Goma akipiga simu kusema amenunua runinga mpya na picha haionekani, utajua la kumjibu bila kubahatisha.

Mimi yule mteja wangu wa Kigali nilimpoteza kwa mstari mmoja wa maandishi madogo ambao sikuinama kuusoma. Wewe inama. Igeuze mashine, waombe wakuwashie taa, usome hadi mwisho. Muuzaji akikukataza kuigeuza, ameshakujibu. Vuka barabara uende duka la pili.